SOMO LA ROBO MWAKA: "Wangapi wamepona?" Jinsi ya kusoma taarifa za upasuaji wa uvimbe wa ubongo



Somo la toleo hili ni gumu kidogo kuliko yale ya visima na vitalu vya miti, lakini limeombwa na pande zote mbili. Kamati za Diakonia zimekuwa zikichangisha fedha kwa ajili ya wagonjwa wa rufaa, na wanaoumaliza mfuko haraka ni wale wenye uvimbe kwenye ubongo. Kuna nauli ya mgonjwa na msindikizaji, kipimo cha CT au MRI, upasuaji wenyewe, siku za chumba cha wagonjwa mahututi, na dawa za miezi mingi baadaye. Wafadhili nao wanatuandikia na kuuliza swali moja, nalo ni la haki kabisa: kati ya hao tuliowasaidia, wangapi wamepona? Imefika hatua ya kupendekezwa kwamba hospitali tunazozitumia zipangwe kwa asilimia ya vifo, na fedha ielekezwe kule ambako vifo ni vichache.

Pendekezo hilo limetolewa kwa nia njema. Hata hivyo, sisi wa ofisi ya miradi tunaona kwamba likifuatwa kama lilivyo, watakaoumia kwanza ni wagonjwa wetu wenyewe, wale wanaofika wamechelewa. Somo hili linaeleza kwa nini tunasema hivyo, na ni namba zipi tunazopaswa kuomba badala ya ile moja.

WALIOANZA KUHESABU

Mwaka 1894 wanafunzi wawili wa udaktari katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, Marekani, Harvey Cushing na Ernest Amory Codman, walikuwa na kazi ya kuwapa wagonjwa etha ya kuwalaza usingizi kabla ya kupasuliwa. Siku hizo kazi hiyo ilikabidhiwa kwa mwanafunzi bila mafunzo ya maana, na wagonjwa wengine hawakuamka. Cushing mwenyewe aliwahi kufiwa na mgonjwa aliyekuwa anampa etha. Vijana hao wakaanza kuandika kwenye karatasi, kila baada ya dakika chache, mapigo ya moyo na upumuaji wa mgonjwa, wakashindana nani atamlaza mgonjwa kwa usalama zaidi. Chati inayojazwa leo katika kila chumba cha upasuaji ina asili yake katika karatasi ile.

Baadaye Cushing akawa mwanzilishi mkuu wa upasuaji wa ubongo. Alipoanza kazi, wapasuaji mashuhuri wa Ulaya walikuwa wakipoteza zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya kila watatu waliofunguliwa fuvu kwa ajili ya uvimbe. Mwaka 1915 Cushing alitoa hesabu zake, nazo zilionyesha kwamba waliokufa mikononi mwake ni chini ya mmoja kati ya kumi. Mwaka 1932 alichapisha kitabu juu ya wagonjwa 2,000 ambao uvimbe wao ulithibitishwa, na suala la asilimia za vifo aliliweka hata kwenye jina la kitabu.

Tunapenda kamati zitazame jinsi alivyohesabu. Alihesabu kila kifo kilichotokea hospitalini baada ya upasuaji, hata kama zimepita wiki kadhaa, na hata kama mtu angeweza kusema aliyeua ni homa ya mapafu wala si kisu. Alitoa asilimia mbili, moja kwa hesabu ya wagonjwa na nyingine kwa hesabu ya operesheni, kwa sababu mgonjwa aliyepasuliwa mara tatu kisha akafa ni kifo kimoja kati ya operesheni tatu, lakini ni mgonjwa mmoja kati ya mmoja. Walioruhusiwa aliwaomba wamwandikie barua kila mwaka waeleze wanaendeleaje. Na kumbukumbu hizo zote zilikuwa na mtunzaji: Louise Eisenhardt, aliyeajiriwa mwaka 1915 kama msaidizi wa uandishi, akaenda kusomea udaktari, akarudi kuwa mtaalamu wa kuchunguza vinyama vya uvimbe, naye ndiye aliyekuwa na kile kijitabu cheusi chenye mwisho wa kila mgonjwa. Makatibu wa kamati zetu wanaodhani kazi ya daftari ni ndogo wamfikirie huyo dada.

Codman alikwenda mbali zaidi na akaumia. Alidai kila hospitali imfuatilie kila mgonjwa angalau mwaka mmoja, iseme wazi kama matibabu yalifaulu, na kama hayakufaulu iseme kwa nini. Mwaka 1911 alifungua hospitali yake ndogo, na kufikia 1916 alikuwa ameruhusu wagonjwa 337 na kuorodhesha makosa 123, akayachapisha. Mwaka 1915 alionyesha katika mkutano wa hadhara picha ya kuchekesha ya mbuni aliyeficha kichwa mchangani huku akitaga mayai ya dhahabu, na madaktari wa Boston wakajua wanasemwa wao. Alipoteza marafiki na nafasi. Mwaka 1919, Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Marekani kilipokagua hospitali 692 zenye vitanda 100 na zaidi, ni 89 tu zilizofikia kiwango cha chini kabisa. Orodha ilichomwa moto kwenye tanuru la hoteli walimokuwa wakikutana, isije ikaonwa na waandishi wa habari.

HESABU INAISHIA WAPI?

Mwaka 1966 daktari aliyeitwa Avedis Donabedian alieleza kwamba ubora wa huduma hutazamwa kwa pande tatu: vilivyopo, vinavyofanyika, na kinachopatikana. Wanakamati wa maji wanalijua jambo hili bila kulisomea. Pampu ipo, hiyo ni moja. Kamati inaifanyia matengenezo kila mwezi, hiyo ni ya pili. Watoto wameacha kuharisha, hiyo ni ya tatu. Hospitali ikituandikia kwamba ina darubini mpya ya upasuaji, imetuambia habari ya pampu tu.

Lakini hata hiyo ya tatu ina mitego. Desturi iliyoenea katika upasuaji wa ubongo ni kuhesabu vifo na matatizo yaliyotokea ndani ya siku 30. Sasa fikirini mgonjwa aliyeruhusiwa siku ya tisa, kidonda kikiwa kimekauka, akapanda basi kurudi kijijini. Siku ya kumi na nane anapata homa kali na shingo kukakamaa, siku ya ishirini anafariki nyumbani. Katika daftari la hospitali ameandikwa "ameruhusiwa, hali nzuri". Hospitali inayofunga hesabu getini haina kifo hapo. Hospitali inayompigia simu kila mgonjwa siku ya thelathini inacho. Tukizipanga kwa asilimia, ile iliyojisumbua kupiga simu ndiyo itakayoonekana mbaya.

Mfano huo si wa kutisha watu. Maambukizi ya utando wa ubongo na kuvuja kwa maji ya ubongo yanaweza kujitokeza mgonjwa akiwa ameshafika kwake. Vivyo hivyo damu kuganda mguuni na kupanda mapafuni. Ndiyo maana tuna mashaka na kambi za upasuaji ambazo taarifa yake inaandikwa siku timu ya wageni inapoelekea uwanja wa ndege. Idadi ya operesheni inakuwa kamili, lakini matatizo mengi hayajapata muda wa kutokea.

NANI ALIYEPASULIWA?

Uvimbe wa ubongo si ugonjwa mmoja. Kuna meninjioma, ambayo huota kwenye utando unaofunika ubongo, mara nyingi hukua polepole, na ikiwa mahali panapofikika inaweza kutolewa yote na mtu akaishi miaka mingi. Kuna uvimbe wa tezi ya pituitari chini ya ubongo, unaobana mishipa ya macho na kumfanya mtu asione pembeni, mwisho asione kabisa. Kuna uvimbe uliosafiri kutoka kansa ya titi au ya mapafu. Na kuna glioblastoma, ambayo hata kwa matibabu bora hurudi. Katika utafiti mkubwa wa Ulaya na Kanada uliochapishwa mwaka 2005, wagonjwa wa glioblastoma waliopata mionzi pamoja na dawa ya temozolomide, nusu yao waliishi miezi 14.6 au zaidi. Waliopata mionzi peke yake, miezi 12.1. Wengi wao walikuwa wameshapasuliwa kwanza, katika nchi zenye kila kitu. Kwa hiyo mgonjwa wa aina hiyo akifariki baada ya mwaka mmoja, hatuwezi kusema hospitali imeshindwa. Pengine imempa mwaka wa kuzungumza na watoto wake.

Tena kuna hali ya mgonjwa siku anayofika. Madaktari hutumia kipimo cha Karnofsky, kilichobuniwa miaka ya 1940, kinachoanzia 100 kwa mtu asiye na dalili yoyote na kushuka hadi 0, yaani kifo. Mtu mwenye 70 anajihudumia mwenyewe ila hawezi kufanya kazi zake za kawaida. Mwenye 50 anahitaji msaada mara kwa mara. Anayepasuliwa akiwa na 90 na anayepasuliwa akiwa na 40 hawana hatari sawa, hata kama uvimbe ni uleule na daktari ni yuleyule.

Sasa tuseme hospitali mbili, kila moja imepasua wagonjwa 40. Ya kwanza imepoteza 2, sawa na asilimia 5. Ya pili imepoteza 5, sawa na asilimia 12.5. Wafadhili wengi wangekwenda ya kwanza. Lakini ya kwanza hukataa wagonjwa wenye Karnofsky chini ya 70 na huhesabu mpaka getini tu. Ya pili hupokea wote na huwafuatilia siku 30. Bila kujua hayo mawili, tofauti ya asilimia 5 na 12.5 haituambii lolote juu ya mkono wa daktari.

Na hii ndiyo hatari tuliyoitaja mwanzoni. Huko Pennsylvania, Marekani, serikali ya jimbo ilianza miaka ya 1990 kutangaza vifo vya wagonjwa wa upasuaji wa moyo kwa majina ya madaktari. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba asilimia 63 ya wapasuaji waliojibu walisema sasa wako tayari kwa kiasi kidogo kuliko zamani kuwapasua wagonjwa mahututi. Hawakuwa watu wabaya. Kila mtu hulinda jina lake. Ila sisi tujiulize mgonjwa mahututi kwetu ni nani. Ni mama wa kijijini aliyeumwa kichwa miaka miwili akinywa Panadol, aliyeanza kifafa akiwa na miaka 45, na ndugu wakamzungusha kwa waganga na kwa waombeaji kabla ya mtu kufikiria CT. (Hapa tuseme wazi, maana wachungaji nao wanasoma jarida hili: maombi na kipimo havigombani. Kifafa kinachoanza ukubwani kinahitaji kipimo cha kichwa, na kinahitaji mapema.) Tukiwaambia madaktari kwamba fedha yetu inafuata asilimia ndogo ya vifo, tunawaambia mama huyo wamrudishe nyumbani.

MATATIZO YASIYO KIFO

Jambo la pili tunaloliona katika taarifa nyingi ni neno "mafanikio" lenye maana ya kwamba mgonjwa hakufa. Lakini ubongo ndio unaosema, unaotembea, unaokumbuka jina la mtoto. Baada ya upasuaji mtu anaweza kupooza upande mmoja, kupoteza usemi, kupoteza macho, kuanza au kuendelea na degedege, kutokwa damu ndani ya fuvu na kurudishwa mezani usiku uleule, kuvuja maji ya ubongo kwenye kidonda au puani, au kidonda kuoza.

Kwa muda mrefu kila hospitali iliyaita matatizo haya "makubwa" au "madogo" kwa kadiri ilivyopenda. Mwaka 2004 madaktari wa Zurich, Uswisi, waliboresha kipimo kinachoitwa Clavien na Dindo, ambacho hakiulizi tatizo linaitwaje bali lilihitaji nini kulitibu. Daraja la kwanza ni tatizo dogo lisilohitaji tiba maalumu. La pili linahitaji dawa. La tatu linahitaji kurudi chumba cha upasuaji au utaratibu kama huo. La nne linahatarisha maisha na kumpeleka mgonjwa chumba cha mahututi. La tano ni kifo. Uzuri wake ni kwamba ni vigumu kudanganya, kwani mgonjwa ama alirudishwa mezani ama hakurudishwa. Mwaka 2011 wapasuaji wa ubongo wa Buenos Aires, Argentina, walitoa kipimo cha namna hiyo kwa ajili ya ubongo.

Lakini kipimo hicho kina tundu ambalo mama wa nyumbani yeyote angeliona. Mwalimu aliyeamka hawezi kutamka maneno hahitaji dawa wala kisu. Hakuna cha kumtibu zaidi ya mazoezi. Kwa kipimo cha matibabu tatizo lake ni dogo, ila yeye amepoteza kazi na kwaya. Ndiyo maana mwaka 2021 madaktari wengine wa Zurich walipendekeza kipimo kinachojumlisha mambo matatu kwa pamoja: tiba iliyohitajika, ulemavu uliobaki, na upungufu mpya wa mishipa ya fahamu. Tunaona huko ndiko pa kuelekea. Kwa lugha ya kamati, tunaomba hospitali itueleze kila mgonjwa aliingia na Karnofsky ngapi na yuko ngapi baada ya siku 30 na baada ya miezi sita. Hiyo ni namba mbili tatu tu, na muuguzi yeyote aliyefundishwa anaweza kuijaza.

Ikumbukwe pia kwamba si kila tatizo ni kosa. Uvimbe ukiwa umeshikamana na mshipa wa uso, daktari anaweza kumwambia mgonjwa mapema kwamba uso unaweza kulegea, na mgonjwa akakubali. Swali la ubora hapo ni kama aliambiwa, kwa lugha anayoielewa, kabla hajaweka dole gumba kwenye fomu.

USIKU WA KWANZA

Tunakuja sasa kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ni zito kuliko yote kwa mtu anayetoa fedha.

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi 25 za Afrika, hospitali 247, wagonjwa 11,422 wa upasuaji wa kila aina. Asilimia 18.2 walipata matatizo na asilimia 2.1 walifariki. Kiwango hicho cha vifo ni mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wa Afrika walikuwa vijana zaidi na wenye magonjwa mengine machache. Na kati ya waliofariki, asilimia 94 walifariki baada ya siku ya upasuaji kupita. Kwa maneno mengine, hawakufia mezani. Walifia wodini, wakati daktari ameshakwenda nyumbani.

Kwa mgonjwa wa ubongo jambo hili lina sura ya pekee. Damu ikianza kujikusanya ndani ya fuvu baada ya upasuaji, dalili ya kwanza ni mgonjwa kuanza kusinzia isivyo kawaida. Muuguzi hupima fahamu kwa kipimo cha Glasgow, kilichotolewa mwaka 1974: macho alama 4, usemi alama 5, kujongea alama 6, jumla 15, na ya chini kabisa 3. Huangalia pia mboni za macho kama ziko sawa. Akishuka kutoka 15 hadi 13 saa nane usiku na mtu akaliona, akampigia daktari, anaweza kurudishwa mezani na kuokolewa. Ikigunduliwa asubuhi wakati wa mzunguko wa madaktari, mara nyingi imeshakuwa habari nyingine. Sasa pigeni hesabu ya muuguzi mmoja mwenye wagonjwa thelathini usiku.

Wafadhili wetu wanapenda kununua mashine, nasi tunashukuru. Mashine ina picha nzuri na ina mahali pa kubandika kibao. Hata hivyo, namba hizi zinasema fedha nyingine iende kwa muuguzi wa pili wa zamu ya usiku, kwa mafunzo yake, na kwa simu ya wodi inayofanya kazi. Ukitaka kujua ubora wa hospitali kwa mgonjwa wa ubongo, omba uonyeshwe chati za fahamu za usiku wa kwanza: je, zimejazwa kila saa, au zina mstari mmoja wa saa kumi na mbili jioni na mwingine wa saa kumi na mbili asubuhi?

Kuna habari njema iliyopitia hapa kwetu Tanzania. Hospitali ya Mtakatifu Francis ya Ifakara ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na hospitali za London, Toronto, Seattle na kwingineko. Ni orodha ya mambo 19 yanayosemwa kwa sauti katika vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Je, huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Ni upande gani wa kichwa? Dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo katika hospitali hizo nane vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo kutoka asilimia 11 hadi 7. Ni karatasi tu, haihitaji umeme. Lakini tusiifanye hirizi. Jimbo la Ontario, Kanada, lilipoiagiza kwa hospitali 101, utafiti wa mwaka 2014 haukuona upungufu wa maana. Karatasi inayowekwa alama za vema bila watu kusimama na kusemezana ni karatasi.

NAMBA NDOGO HUDANGANYA

Hospitali nyingi tunazozitumia hazipasui vivimbe mia kwa mwaka. Ikipasua 20 na kupoteza mmoja, ni asilimia 5. Ikipoteza wawili ni asilimia 10, na mtu ataandika barua kwamba vifo "vimeongezeka maradufu". Hata sifuri ina mtego. Wataalamu wa takwimu wana kanuni rahisi: kama katika wagonjwa fulani hakufa hata mmoja, gawanya 3 kwa idadi yao upate kiwango cha juu ambacho hatari halisi inaweza kufikia. Kwa wagonjwa 20 bila kifo, 3 kwa 20 ni asilimia 15. Hivyo hospitali yenye sifuri kati ya 20 haijathibitisha kwamba ni bora kuliko yenye 2 kati ya 20. Ongezeni miaka mitatu minne pamoja kabla ya kusema neno.

Kupima vizuri kunaweza pia kuokoa fedha. Hospitali ya CURE iliyoko Mbale, Uganda, inatibu watoto wenye vichwa vikubwa kwa sababu ya maji kujaa kichwani. Huo si uvimbe, ila ni upasuaji wa ubongo uleule. Mwaka 2005 walichapisha ulinganifu wa mirija miwili ya kupunguza maji katika watoto 195, mmoja wa dola 35 kutoka India na mwingine wa dola 650. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti. Jibu hilo lilipatikana kwa sababu kuna watu waliowafuata watoto wale baada ya kutoka hospitali.

KAZI YA KAMATI YA USHARIKA

Msamaria Mwema, kama tunavyokumbuka, hakulipa nyumba ya wageni na kwenda zake. Alisema atapita tena wakati wa kurudi, kuona kama kuna gharama iliyozidi. Sehemu hiyo ya pili ndiyo hospitali haiwezi kuifanya peke yake, kwa sababu haijui njia ya kufika kwa mgonjwa. Mzee wa kanisa wa mtaa anaijua.

Kuanzia robo mwaka ijayo tunaomba kila kamati iliyochangia mgonjwa wa ubongo imteue mtu mmoja wa kumtembelea siku ya 30, mwezi wa tatu, mwezi wa sita na baada ya mwaka. Akifika asiulize "unaendeleaje?", kwani jibu ni "namshukuru Mungu" hata kwa mtu anayeungua homa. Aulize anakula mwenyewe? Anaongea kama zamani? Anakwenda chooni peke yake? Amerudi shambani au dukani? Ameanguka degedege mara ngapi? Dawa zimebaki za siku ngapi? Majibu ya kinyama yametoka, na kuna aliyemweleza? Familia inadaiwa kiasi gani? Suala la kinyama tunalisisitiza, kwa sababu bila majibu hayo hakuna anayejua kama mgonjwa alitakiwa kwenda Ocean Road au Bugando kwa mionzi.

Yapo mambo ambayo hayasubiri fomu. Maji meupe yanayotiririka kutoka kwenye kidonda au puani, homa yenye kichwa kuuma sana, usingizi usio wa kawaida, mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kubana: mgonjwa arudi hospitali siku hiyohiyo, nauli itoke kwenye mfuko, kikao kitafuata baadaye. Dawa za degedege na zile za kupunguza uvimbe zisikatishwe ghafla kwa sababu zimeisha. Mtupigie simu kabla hazijaisha.

Taarifa za mgonjwa ni siri yake. Zisisomwe kwenye matangazo ya Jumapili, na picha ya kidonda isitumwe kwa mfadhili bila ridhaa, hata kama inaamsha huruma.

Kwa upande wa wafadhili, ombi letu ni kwamba katika kila ruzuku ya upasuaji iwepo sehemu ndogo kwa ajili ya karani wa kumbukumbu na vocha za simu, na kwamba hospitali itakayotuletea orodha ya matatizo yake yote isinyang'anywe fedha kwa sababu hiyo. Itakayoleta taarifa isiyo na tatizo hata moja ndiyo tutakayokwenda kuitembelea kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKAO

Ni wagonjwa wangapi wa rufaa tuliowachangia mwaka uliopita, na je, yupo hapa anayejua hali ya kila mmoja wao leo?

Kama mgonjwa wetu angekataliwa na hospitali kwa kuogopa kuharibu asilimia zake, tungejuaje?

Nani katika mtaa wetu ana simu, ana mwandiko unaosomeka, na anajua kutunza siri?